Nafasi ya Maziwa katika Mlo Endelevu: Mfano wa Mgori, Singida

Kwa mujibu wa FAO (2010), mlo endelevu hukidhi lishe ya kizazi kilichopo na kijacho huku ukiathiri mazingira kwa kiasi kidogo. Mgori imo katika ukanda wa nusu ukame wa Tanzania ya kati, wenye msimu mmoja wa mvua. Chakula kikuu cha Wanyaturu ni ugali wa mtama, uwele au mahindi. Nafaka hizo zina upungufu wa laisini, asidi amino iliyomo kwa wingi katika maziwa. Hivyo, hata maziwa machache huboresha protini ya mlo mzima. Aidha, ng'ombe wa kienyeji hula nyasi na mabua, ambavyo binadamu hawezi kuvila.

Hata hivyo, ng'ombe hutoa methani, na malisho yakizidi uwezo wa ardhi, msitu wa miombo wa Mgori hudhurika. Kwa hiyo, suala la msingi si wingi wa mifugo, bali matumizi ya maziwa yaliyopo. Maziwa yanaposukwasukwa, mafuta huenda kwenye samli, ilhali sehemu kubwa ya protini na kalsiamu hubaki kwenye mtindi. Kaya inayouza samli na kubakiza mtindi hupata fedha bila kuwanyima watoto lishe. Inayouza maziwa yote hubaki na fedha pekee.