Salamanda mgongo-mwekundu

Salamanda mgongo-mwekundu (jina la kisayansi: Plethodon cinereus) ni amfibia mdogo wa familia Plethodontidae anayeishi katika misitu ya mashariki mwa Marekani na kusini-mashariki mwa Kanada. Kwa umbo anafanana na mjusi, lakini hana magamba wala kucha, naye ni ndugu wa chura. Alielezwa kisayansi na Jacob Green mwaka 1818.

Maelezo

Akikomaa huwa na urefu wa sm 6 hadi 10 hivi pamoja na mkia. Wengi wana mstari mwekundu mgongoni. Wengine ni wa kijivu cheusi tu. Hana mapafu, bali hupumua kwa ngozi na kwa utando wa kinywa. Ngozi hiyo hupitisha hewa ikiwa na unyevu tu. Kwa hiyo mchana hujificha chini ya magogo, mawe na majani yaliyoanguka, na usiku, hasa mvua inaponyesha, hutoka kuwinda wadudu, utitiri na buibui.

Uzazi na ukuaji

Tofauti na vyura wengi, salamanda huyu hatagi majini wala hana hatua ya kiluwiluwi. Mwezi wa Juni au Julai jike hutaga mayai 3 hadi 14 ndani ya gogo linalooza au chini yake. Hujikunja kuyazunguka kwa wiki 6 hadi 9, akiyakinga yasikauke wala kuliwa, na muda huo hula kidogo sana.

Matamvua ya kiinitete huota ndani ya yai na kupotea karibu na wakati wa kuanguliwa. Mtoto hutoka akiwa na miguu minne na urefu wa sm 2 hivi. Hukomaa baada ya miaka 2 au zaidi. Kaskazini, majike wengi hutaga mara moja tu kila miaka miwili.

Umuhimu na uhifadhi

Mwaka 1975 Thomas Burton na Gene Likens walichapisha utafiti wa msitu wa Hubbard Brook, New Hampshire. Waligundua kwamba uzito wa salamanda wote wa msitu huo, wengi wao wakiwa wa spishi hii, ulikuwa takriban mara mbili ya uzito wa ndege wakati wa kuzaliana kwao.

Spishi hii haimo hatarini kwa sasa. Hata hivyo, miti yote ikikatwa ardhi hukauka na idadi yake hupungua. Kwa kuwa huzaa polepole, huchukua miaka mingi kuongezeka tena.