Vidole vya Kupanda Miamba Havitaki Pupa

Kama umewahi kufika Kit Mikayi, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Bondo, unalijua lile rundo la mawe, karibu mita 40 kwenda juu. Ukilitazama tu, vidole vinawasha. Lakini ngoja kwanza, msee.

Shika mkono wako chini ya kiwiko, kisha ukunje ngumi. Umeisikia misuli ikicheza? Nguvu ya vidole inatoka hapo. Kwenye kidole chenyewe hakuna misuli, kuna kano tu, kama kamba, zinazopita ndani ya vipete vidogo vinavyozibana kwenye mfupa.

Shida ni kwamba misuli hupata nguvu ndani ya wiki chache, ilhali kano na vipete vinataka miezi mingi. Kwa hivyo unajiona simba, unaning'inia kwenye fremu ya mlango kila jioni, halafu siku moja kidole cha pete kinalia "tap!" Kama wewe ni wa boda ama kinyozi, hizo ni wiki kadhaa bila kushika klachi wala mashine. Na kodi ya nyumba haingoji kidole kipone.

Mwaka wa kwanza panda tu, vidole vizoee. Baadaye mwambie fundi wa mbao pale Kibuye akutengenezee ubao wenye ukingo wa milimita 20, aupige msasa, aufunge kwa skrubu nzito. Pasha mikono moto kwanza. Ning'inia sekunde 10, pumzika dakika 3, rudia mara tano, basi. Mara mbili kwa wiki inatosha. Ukiweka miguu kwenye kiti kupunguza uzani, hakuna aibu. Vidole viwe nusu mkunjo. Kuvikunja kabisa na kukandamiza kwa dole gumba ndiko kunakoumiza vipete zaidi. Na kama bado unarefuka, achana na ubao kabisa, mifupa ya vidole vyako haijakomaa.

Kuhusu Kit Mikayi: watu huenda pale kuomba na kufunga, si ukuta wa jimu. Ongea na waelekezi kabla hujapaka jiwe lolote chaki. Wakikataa, kuna Fischer's Tower pale Hell's Gate, Naivasha, ambako watu hupanda kwa kamba. Nauli ndiyo itakuuma.