Je, Wajua? Siri za Corel ya Zamani na Wenzake

Je, wajua kwamba programu ya kuchora ya CorelDRAW haina toleo linaloitwa 13? Baada ya toleo la 12 la mwaka 2004, lililofuata mwaka 2006 liliitwa X3: X ni kumi ya Kirumi, na 3 inatimiza kumi na tatu. Kwa hiyo X4 ni la 14, X5 ni la 15, X7 ni la 17. Angalia mtego uliopo: toleo linaloitwa 2017 si la 17, ni la 19. Mteja akikwambia "nihifadhie kwa kumi na saba," muulize kwanza anamaanisha X7 au 2017.

Je, wajua kwamba kwa kawaida toleo jipya hufungua kazi ya zamani, lakini la zamani halifungui kazi mpya? Jambo hili limemkuta kila mwenye kibanda cha kuchapa. Ijumaa moja jioni kijana aliniletea flashi yenye kadi za mchango wa harusi ya dada yake. Kazi ilichorwa kwa X7, kompyuta yangu ina X5, faili likagoma kabisa. "Bosi, hakuna namna?" aliuliza, na kikao cha kwanza kilikuwa kesho yake asubuhi. Namna ilikuwepo, ila ilikuwa mikononi mwa aliyechora. Kwenye dirisha la kuhifadhi la Corel kuna sehemu ya kuchagua toleo. Tulimpigia, akachagua 15, akatuma upya kwa WhatsApp, na saa mbili usiku kadi zilikuwa zinatoka. Unapopokea kazi iliyoshushwa hivyo, kagua vivuli na rangi zinazopauka taratibu kabla hujachapa, kwa sababu ndizo za kwanza kuharibika.

Je, wajua faili linaloanza na Backup_of ni la nini? Ukihifadhi kazi upya, Corel huweka pembeni nakala ya hali iliyotangulia na kuitanguliza kwa maneno hayo. Vijana wengi huzifuta wakidhani ni takataka. Umeme ukikatika katikati ya kuhifadhi, faili kuu likafa, nakala hiyo ndiyo itakayokuokoa: ondoa Backup_of kwenye jina, fungua, endelea na kazi.

Je, wajua kwamba tangu X4 ya mwaka 2008 faili la CDR kwa ndani ni faili la zip? Chukua nakala, badilisha mwisho wa jina kutoka cdr kuwa zip, ulifungue. Humo utakuta picha ndogo ya kazi yenyewe. Huwezi kuichapa picha hiyo, lakini ukiwa na mafaili mengi yasiyo na majina ya maana na Corel yako haiyafungui, itakuonyesha lipi ni bango la duka na lipi ni nembo ya shule.

Je, wajua kwamba kubonyeza Ctrl na Q kwenye Corel hugeuza maandishi kuwa michoro? Baada ya hapo fonti haihitajiki tena. Kompyuta yoyote itaonyesha herufi kama ulivyozipanga. Lakini herufi zikishakuwa michoro huwezi tena kusahihisha neno kwa kuandika. Nimeshuhudia jina la bwana harusi likikosewa herufi moja kwenye kadi, na nakala yenye maandishi halisi haipo. Hifadhi mbili siku zote: moja ya kuhariri, moja ya kupeleka mashineni.

Je, wajua kwamba mkunjo unaouvuta kwa nodi ulizaliwa kwenye viwanda vya magari vya Ufaransa? Paul de Casteljau aliupigia hesabu akiwa Citroën mwaka 1959, lakini kampuni iliifanya siri. Pierre Bézier wa Renault akachapisha kazi yake miaka ya 1960, na jina likabaki kuwa lake. Toleo lako liwe la 1989, Corel ilipotoka kwa mara ya kwanza huko Kanada, au liwe la mwaka huu, hesabu ya mkunjo ni ileile. Kwa mstari, umbo na rangi moja, programu ya zamani haina upungufu wowote.

Je, wajua kwamba Illustrator ya kwanza ya Adobe, ya mwaka 1987, ilikuwa ya Macintosh pekee? Ulichora mistari mitupu, kisha ukahamia mwonekano mwingine kutazama kazi itakavyotoka.

Je, wajua kwamba faili la Illustrator kuanzia toleo la 9 mara nyingi limebeba PDF ndani yake? Kama aliyelihifadhi aliacha chaguo hilo, badilisha ai kuwa pdf na ulitazame kwa kisomaji cha kawaida.

Je, wajua kwamba programu ya kuchora ya Inkscape ilibadili kipimo chake mwaka 2017? Hadi toleo la 0.91 inchi moja ilihesabiwa pikseli 90, kuanzia 0.92 ni 96. Kadi ya upana wa milimita 105 iliyochorwa zamani, ikifunguliwa kwenye mpya bila marekebisho, inaweza kutoka na upana wa kama milimita 98. Ni zaidi ya nusu sentimita, na mashine ya kukata stika haisamehi hata milimita mbili. Programu ikikuuliza faili hilo la zamani ni la kioo au la karatasi, usibonyeze tu ili kupita. Kazi ya kuchapa, chagua karatasi.

Je, wajua kwamba Desemba 2012 Adobe ilizima seva za kuthibitisha CS2, programu zake za mwaka 2005? Iliweka nakala zisizohitaji uthibitisho kwa ajili ya wale waliokwisha kununua, na uvumi ukaenea dunia nzima kwamba sasa ni bure. Haikuwa bure. Mwaka 2013 ilitangaza kwamba CS6 ndiyo ya mwisho kununuliwa mara moja. Kuanzia hapo ni kulipia kila mwezi au kila mwaka.

Je, wajua kilichoipata programu ya kuchora ya FreeHand? Toleo lake la mwisho ni la mwaka 2003. Adobe iliinunua kampuni ya Macromedia, iliyokuwa ikiimiliki, mwaka 2005, na mwaka 2007 ikasema haitaiendeleza. Mwaka 2011 mfumo wa Mac OS X Lion ukaacha kuendesha programu za zamani za aina ya FreeHand, na waliokuwa na kazi za miaka mingi wakalazimika kutunza kompyuta zao za zamani kwa ajili ya kuzifungua tu.

Kama X3 au X5 yako bado inawaka, leo hii chukua kazi kumi za wateja unaowathamini zaidi, uzihifadhi pia kwa PDF na SVG, na uziweke kwenye flashi mbili tofauti.