Mikono Iliyopanga Herufi

Muhula uliopita nilikuwa mtengenezaji wa gazeti letu hili, na katika ukurasa wa mwisho nikaweka jina langu peke yake. Kijana wa kidato cha pili aliyezipiga chapa kurasa zote kwa kompyuta, usiku wa siku tatu, sikumtaja. Yeye hakunilaumu. Lakini Mwalimu wa Historia aliniita akaniuliza, “Vitabu vya kwanza vya misheni kule Unguja vilipigwa chapa na nani?” Nikajibu upesi, “Na Askofu Steere.” Akasema, “Kasome tena, kisha uandike.”

Basi nimesoma.

Edward Steere alikuwa Mwingereza, aliyezaliwa mwaka 1828. Alisomea sheria kwanza, baadaye akawa padri, na mwaka 1864 alifika Unguja pamoja na Askofu Tozer wa misheni ya UMCA. Kazi ya chapa alikuwa akiijua tangu kwao, na haukupita muda mrefu mtambo wa misheni ukaanza kazi. Mwaka 1867 kilitoka Unguja kitabu chake cha lugha ya Kisambaa, na mwaka 1876 cha Kimakonde. Hadithi alizozikusanya kwa wenyeji, kikiwamo Kisa cha Punda wa Dobi, zilitolewa London mwaka 1870.

Lakini mtambo haujiendeshi. Walioufanyia kazi walikuwa vijana wa misheni, na wengi wa vijana hao waliokolewa katika majahazi ya watumwa. Watano wa kwanza walitolewa na Sultani Majid kwa Askofu Tozer mwaka ule ule wa 1864. Sisi wa Bagamoyo twaijua habari hii, kwa kuwa njia ya misafara ya bara iliishia hapa petu, na mwaka 1868 mapadri wa Roho Mtakatifu walivuka kutoka Unguja wakafungua hapa makao ya watoto waliokombolewa.

Sasa kazi yenyewe. Herufi za risasi huokotwa moja moja katika visanduku vyake na kusimamishwa katika mstari. Kila herufi imechongwa kinyume, kama uso katika kioo, hata b ikaonekana d. Ukurasa ukijaa hupakwa wino, karatasi hulazwa juu, mtambo hukandamiza. Kisha herufi zote hurudishwa visandukuni, kwani hazitoshi kupangia kitabu kizima. Tena herufi zilizopimwa kwa Kiingereza huwa na e nyingi kuliko zote na k chache, nasi twataka a na k karibu kila neno. Hesabu “akakaa akakata kamba”: a kumi, k tano, e hakuna hata moja! Fikiri kazi hiyo kwa mtoto aliyetoka bara, ambaye Kiswahili chenyewe alijifunza akiwa mateka.

Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa Kiswahili sanifu. Sisemi vitabu vya misheni peke yake vilileta jambo hilo, lakini vilisaidia sana. Juu ya majalada yake twasoma jina la Steere. Vivyo hivyo kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichopigwa chapa Göttingen mwaka 1903, kina jina la Velten, ingawa sehemu kubwa ni maneno ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa hapa Bagamoyo.

Steere alifariki mwaka 1882, akazikwa katika kanisa alilolijenga Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa. Miaka sita baadaye, mwaka 1888, shule ya Kiungani ilianza gazeti lake, Msimulizi, na humo wanafunzi wakaandika habari zao wenyewe.

Yule kijana wa kidato cha pili nimemwomba radhi. Safari hii tumepanga kurasa pamoja, na ukurasa wa mwisho nimemwachia autie majina yeye.