KCSE Imebisha Hodi, Unabeba Kitabu Gani?

Oktoba ikishika, wasee wa inama hapo tao wanaomoka. Vitabu zimemwagwa chini kwa plastiki, kila jalada linakuahidi A. Kandideti mwenye amedoz tangu Fom Tuu anatoa soo tano za mathake, anabeba kitabu nene kushinda zote. Maze, amechomwa. Hiyo ni ya msee ako na mwaka mzima, na yeye ako na wiki mbili.

Saka pasti pepa, lakini usitoe ganji kabla ucheki nyuma. Chukua swali moja ngori ya hesabu, angalia venye wameijibu. Kama ni x = 4 na wakanyamaza, rudisha. Kwa KCSE njia iko na maksi zake, zile M1, na jibu iko na yake, A1. Unaweza kosa jibu na bado uokote mbili kati ya tatu. Kitabu ya majibu tupu haikuonyeshi M1 imejificha wapi.

Alafu kuna hesabu ya hiyo hesabu. Seksheni I ni maswali 16, maksi 50, hakuna kuhepa. Seksheni II ni 8, unachagua 5, kila moja maksi 10. So chagua mada zako tano mapema uzipige kwa pepa za miaka tofauti. Ongeza ya sita na ya saba, juu KNEC hawakushow watatoa gani.

Kwa setbuku ndio watu hubebwa ufala. Ukiuziwa mwongozo wa Kigogo ama Chozi la Heri bei ya kutupa, shtuka: hizo zilishatolewa. Sai ni Bembea ya Maisha na Nguu za Jadi. Muuzaji hatakuambia. KCSE ya mwisho ni 2027, na yeye anataka stoki iishe.

Wale wa Telegram wa "pepa imevuja"? Zii. Unaweza lipa utumiwe moki ya kaunti fulani, jina imefutwa. Moki yenyewe ni fiti kubukua, sema tu iko bure kwa meza ya ticha wako. Ukiwa hapo muombe ile ripoti KNEC hutoa mtihani ukiisha, inataja swali zenye wasee waliangukia na sababu. Piga picha na simu ya msee wa dei. Yako si iko kwa droo ya deputi.