Hashaki si kifungo

Swali ni lile lile, safari hii limetoka kwa mama mmoja wa Kasense, tena kwa adabu zote: "Shikamoo mwalimu. Eti Kiebrania cha tamaa maana yake ni kufungwa mkanda? Kijana wangu hali wala halali, ni binti yule tu. Mtumishi anasema nafsi yake imefungwa, tununue mafuta ya kumfungulia." Tangu Pasaka huyu ni wa nne. Marahaba, mama. Najibu mara moja, nisiulizwe tena.

Neno lenyewe ni hashaki, ile h ikitoka kooni. Katika Biblia yote ya Kiebrania kitenzi hiki kinatokea mara 11 tu. Mara tatu, zote katika Kutoka, kinahusu nguzo za ua wa hema kuzungushiwa mikanda ya fedha. Hapo ndipo mtumishi alipookota mkanda wake, akauchukua kutoka kwenye nguzo na kumvika kijana wa watu. Wapo hata wataalamu wanaoyahesabu haya kuwa maneno mawili yaliyofanana sura tu. Lakini tumwachie, tuseme ni neno moja. Bado hapati kitu.

Maana ya neno haikai kwenye mzizi, inakaa kwenye matumizi. Sisi tunafunga ndoa, tunafunga safari, tunafunga duka, tunafunga Kwaresma, na timu ikifungwa pale uwanja wa Nelson Mandela hakuna anayekimbilia chupa ya mafuta. Wafipa wenyewe husema jina Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi". Kama mzizi ndio ukweli wa kitu, mbona wa mikoa mingine wakisikia unatoka huku wanakutania wewe ndiye mchawi?

Sasa angalia nani anafanya hashaki. Kumbukumbu la Torati 7:7, kisha 10:15: ni Mungu, kwa Israeli na baba zao. Naye kafungwa na nani? Apakwe mafuta na nani? Mfalme Sulemani aliyafanyia hashaki majengo yake. Zaburi ya 91, ile mliyoibandika juu ya mlango ili wachawi wasipite, ina neno hili katika mstari wa 14, na waliotafsiri Union Version walilipatia vizuri kwa kitenzi "kukaza". Anayefanya hashaki pale ndiye anayeahidiwa kuokolewa. Haokolewi kutoka kwenye hashaki. Anaokolewa kwa sababu yake. Yaani kijana anaombewa atolewe kile ambacho zaburi ya mlangoni kwake inakisifia.

Watanitajia Shekemu na Dina, Mwanzo 34. Sawa. Kosa la Shekemu lilikuwa kumbaka binti wa watu, na ndugu zake Dina walijibu kwa panga. Hakuna aliyetafuta jini. Tena mstari wa 3 unatumia neno jingine, dabaki, lile lile la mume kuambatana na mkewe katika Mwanzo 2:24. Na wanaopenda kuleta roho ya Yonathani iliyoshikamana na ya Daudi wajue hilo ni neno la tatu, kashari. Watumishi hawa wanayatia yote chungu kimoja, wanakoroga, wanauza. (Mwisraeli wa leo akisema hana hesheki, anamaanisha hajisikii tu, labda kuosha vyombo.)

La kufanya ni jepesi. Soma mstari katika Union Version na katika Habari Njema. Zikitofautiana, ujue hapo pana kazi. Tafuta itifaki ya Biblia, au programu za simu zinazoweka Kiebrania chini ya kila neno. Nyingine ni za bure. Uliza nani anatenda, kwa nani, kisha nini kikatokea. Parokiani kuna padri aliyesoma haya miaka, mfuate. Binti naye aulizwe, pengine hana habari na kijana wako.

Na ukitaka dawa ya hashaki iliyoandikwa, fungua Kumbukumbu la Torati 21. Askari amemtamani mateka. Sheria haimpaki kitu. Inamwamuru angoje mwezi mzima, mwanamke awalilie wazazi wake, ndipo amwoe. Mwezi, mama. Ukiisha na kijana bado hali, tafuta mshenga.