Mama ni Mkristo, mimi ni Muislamu: mambo ya kuzungumza tungali hai

“Mwanangu, nikifa utakuja kunizika, ama utasimama nje ya ua?”

Mama aliniuliza swali hilo mwaka jana nyumbani kwetu Rabai, jioni ya siku tuliyotoka kumzika jirani. Marehemu alikuwa Mkristo. Mwanawe mkubwa, aliyesilimu zamani, alifika matangani lakini hakuingia uani. Alisimama chini ya mwembe kando ya barabara mpaka kaburi likafukiwa, kisha akapanda bodaboda akaenda zake. Hakuna aliyemwambia neno. Mama alimtazama sana siku ile, na nafikiri alikuwa akinitazama mimi.

Mimi nilisilimu nikiwa na miaka 26. Mama hakosi kanisani Jumapili, na dada yangu ni wa kwaya. Mjomba, kakake mama, hana kanisa wala msikiti; yeye amebaki na mambo ya wazee na koma zake. Sote tunapendana, na sote tulidhani mapenzi yanatosha. Swali la mama lilinionyesha kwamba kuna mambo ambayo mapenzi peke yake hayayamalizi. Yanataka kuulizwa, kujibiwa na mengine kuandikwa. Nayaeleza hapa kwa sababu najua nyumba kama yetu ni nyingi.

Si jambo geni kwetu

Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na miaka miwili baadaye yeye na Rebmann wakaweka kituo chao cha misheni Rabai. Kaya za Rabai zilikuwako kabla yao, na leo zimo katika orodha ya turathi za dunia ya UNESCO pamoja na kaya nyingine za Mijikenda, tangu 2008. Nao Waislamu wa Mombasa wamefanya biashara na kuoana na watu wa kaya kwa karne nyingi. Basi mtu wa Rabai mwenye shangazi wa kanisani, ami wa msikitini na babu wa kaya hajapotea. Hivyo ndivyo Pwani yetu ilivyo.

Tena sheria iko wazi. Kifungu cha 32 cha Katiba kinampa kila mtu uhuru wa kuabudu, na kinakataza mtu kulazimishwa kufanya jambo linalopingana na imani yake. Ulinzi huo ni wangu na ni wa mama pia. Siwezi kumlazimisha, wala yeye hawezi kunilazimisha.

Chakula ndicho chepesi

Wengi hudhani ugomvi wa nyumba kama zetu huanzia jikoni. Kwetu jikoni ndiko kulikotengemaa mapema. Siku ya Krismasi mbuzi huchinjwa na jirani Muislamu, nasi sote tukala sufuria moja. Siku ya Iddi mama huja Kisauni na kikapu cha maembe, akakaa na wakwe zake wakala pilau pamoja. Mnazi wa mjomba hunywewa nyuma ya nyumba, na mimi sikai kwenye kikao hicho. Wakati wa kupeleka mahari ya mpwa wangu, nilikaa kwenye mazungumzo yote, na mtungi ulipoletwa nikaaga. Mzee mmoja alinuna. Mjomba akamwambia, “Mwache, huyu ana ratiba yake.”

Maziko

Swali la mama sikulijibu usiku ule. Niliogopa kujibu jambo nisilolijua. Nilirudi Mombasa nikaenda kwa ustadh wangu nikamuuliza waziwazi: je, naweza kumzika mama?

Alinianzia na Surat Luqman. Humo Mwenyezi Mungu anamwambia mtoto asiwatii wazazi wakimtaka amshirikishe, na papo hapo anamwamuru akae nao kwa wema hapa duniani. Akanikumbusha na kisa cha Asma binti Abubakar, ambaye mamake hakuwa Muislamu alipokuja kumtembelea. Asma alimuuliza Mtume kama amkirimu, akaambiwa aunge udugu na mamake.

Kisha akaja kwenye maziko. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu Pwani tunayafuata, Muislamu anaruhusiwa kulifuata jeneza la jamaa yake asiye Muislamu, kusaidia kumzika na kuwapa pole waliofiwa. Asichokifanya ni kushiriki ibada ya dini nyingine au kumsalia maiti yule sala ya jeneza.

Jumamosi iliyofuata nilipanda matatu mpaka Mazeras, kutoka hapo nikachukua bodaboda hadi nyumbani. Nikamwambia mama: “Nitaingia uani. Nitabeba jeneza na nitashika jembe. Mchungaji akianza ibada nitakaa kando, nikimsubiri amalize.” Mama akauliza, “Kando wapi?” Nikamwonyesha kibaraza cha jiko, hatua chache tu. Akaridhika. Dada alikuwapo na mjomba alikuwapo, kwa hivyo siku ikifika hakuna atakayesema nimemtoroka mamangu.

Tukazungumza na upande wa pili, maana anayeanza kufa hajulikani. Nikifa mimi, maziko yatakuwa ya Kiislamu na ya haraka, huenda siku hiyo hiyo. Hakutakuwa na wiki ya kuchanga na kungoja jamaa kutoka Nairobi. Jambo hili huumiza sana ndugu Wakristo, ambao hufika wakakuta kaburi limeshafukiwa wakadhani wamedharauliwa. Mke wangu sasa anajua kwamba simu ya kwanza ni ya Rabai.

Mirathi

Hapa ndipo nilipopigwa na butwaa. Ustadh aliniuliza, “Wewe ukifa leo, mamako atapata nini?” Nikasema atapata fungu la mama. Akatikisa kichwa. Katika sheria ya Kiislamu, asiye Muislamu hamrithi Muislamu. Na Sheria ya Urithi ya Kenya inasema mali ya mtu aliyekufa akiwa Muislamu itagawanywa kwa sheria ya Kiislamu. Maana yake, mimi ninayemtumia mama pesa za dawa kila mwezi, nikianguka ghafla yeye hayumo kabisa kwenye hesabu ya warithi wangu.

Dawa yake ipo, nayo ni wasia. Baada ya gharama za maziko na madeni kulipwa, Muislamu anaweza kuusia hadi theluthi moja ya mali yake kwa mtu asiyekuwa mrithi wake. Mama si mrithi wangu, kwa hivyo naweza kumuusia. Kinachobaki hugawanywa kwa warithi kwa mafungu yao. Niliuandika mwezi ule ule mbele ya mashahidi, na mke wangu anajua ulipo. Kama umesilimu na wazazi wako wangali kwenye dini yao, usilale na jambo hili. Wapo wazazi wanaolishwa na mtoto mmoja, na mtoto huyo hajaandika hata mstari.

Upande wa mali ya mama mambo ni tofauti. Yeye si Muislamu, kwa hivyo mali yake itasimamiwa na Sheria ya Urithi, ambayo haiulizi mtoto anaabudu wapi. Mahakama ya Kadhi haingii hapo, kwa sababu Katiba inaipa kesi ambazo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kusikilizwa nayo. Kwa sheria ya nchi, basi, mimi na dada ni sawa. Lakini wanazuoni wengi, wa Shafi wakiwemo, wanasema Muislamu naye hamrithi asiye Muislamu. Nikamwambia mama shamba amwandikie dada, asinihesabu.

Nilidhani nafanya ungwana. Mama akasimama. “Yaani hata ardhi yangu ni haramu kwako?” Sikuwahi kumwona akilia kwa ajili ya dini yangu, hata siku nilipomwambia nimesilimu. Siku ile alilia.

Ilinichukua muda kumweleza kwamba ardhi yake si haramu, na mkono wake si haramu. Zuio ni la urithi baada ya kifo tu. Anachonipa kwa hiari yake akiwa hai ni zawadi, na zawadi ya mama naipokea kwa mikono miwili. Alifuta macho akatoka nje, mimi nyuma yake. Kwetu mnazi unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe mwingine, basi akanionyesha minazi mitatu karibu na kisima. “Hii ni yako kuanzia leo. Mjomba wako hajawahi kuigema.” Shamba litakuwa la dada, na hilo nalo nimemshauri mama aliandike na kulifuatilia kwa hati, maana ahadi ya mdomo huzaa kesi.

Yasiyokuwa na dawa

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba tumemaliza yote. Mama akifa katika dini yake, sitaweza kumuombea maghufira kama ninavyomuombea baba mkwe wangu. Nimemwambia, kwa sababu aliuliza, na lilikuwa jibu zito kuliko yote niliyowahi kumpa. Yeye naye ameniambia kwamba kila usiku ananiombea nirudi kanisani. Mimi namuombea Mungu amwongoze angali hai. Kila mmoja anajua dua ya mwenzake, na asubuhi tunakunywa chai pamoja.

Na bado ananiita kwa jina la ubatizo. Wanangu huona kichekesho. Mimi huitika.

Namfikiria yule kijana wa chini ya mwembe. Huenda hakuwa na chuki wala kiburi. Huenda aliipenda familia yake kama ninavyoipenda yangu, ila hakuuliza mapema mpaka wapi anaruhusiwa kufika, na nyumbani hakuna aliyemuuliza atasimama wapi. Aliogopa kukosea kwa Mungu wake, akabaki barabarani. Ukiwa na mzazi ama ndugu wa imani nyingine, muulize mwanachuoni wako au mchungaji wako wiki hii, kisha nenda nyumbani ukae na watu wako mzungumze. Msingoje kuyazungumza siku ya kilio.